Tumbo la Binti Yangu na Madaktari wa Kijiweni

Wifi yangu, msusi, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba tumbo la binti yangu lilikuwa limefika kijiweni. Alikuwa akinisuka, akanivuta nywele kidogo kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Wifi, mwanao anajadiliwa huko nje kama bajeti." Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha baba mkwe wangu, fundi viatu, na kibanda kimeegemea ukuta wa nyumba yetu. Baba Mkwe wanamwita Soli kwa sababu ya kazi yake. Wenzake wa kila siku ni Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, na Breki, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamkataa. Kila alasiri mimi huwapelekea kahawa, nikawamiminia, nikarudi ndani. Breki husema salamu yangu lazima uzime injini ndipo uisikie.

Siku hiyo nilitoka na birika, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimefunikwa kitambaa. Kesho yake asubuhi binti yangu, wa darasa la nne, alikuwa na kipimo. Miezi ya nyuma alikuwa akijikunja kwa maumivu ya tumbo, anatapika, anakonda. Hospitali kubwa wakamlaza usingizi, wakampitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, wakaona kidonda. Wakanyofoa vipande vidogo vya ukuta wa tumbo, wakavipima, wakakuta bakteria. Alimeza dawa zake zote bila kuruka hata siku moja. Sasa daktari alitaka kupima choo chake kikubwa, ajue kama bakteria wameisha kweli. Sharti lilikuwa kwamba baada ya dawa zile asipewe nyingine za kuua bakteria kwa mwezi mzima, na wiki mbili za mwisho asiguse hata kidonge cha kupunguza asidi. Akimeza, bakteria waliobaki wanapungua kwa muda, kipimo kinasema hakuna kitu, na sisi tunarudi nyumbani tukishangilia ugonjwa ulio hai.

— Mtaa huu wote, Baba Mkwe alikuwa akisema huku akigonga kisigino, nitajieni mtoto mwingine aliyemeza kamera.

— Tumekubali, mzee, alijibu Pindo. Ila picha ziko wapi?

— Picha gani?

— Kamera imeingia, imepiga, imetoka. Picha! Wangu alipomaliza shule tulipiga, hadi leo iko ukutani.

— Ziko kwa daktari.

— Ungeomba hata moja. Ungeibandika hapo juu ya makopo ya gundi, wateja waone.

Breki akatikisa kichwa.

— Nani kawaambia imetoka? Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote. Mzigo ukiingia ghalani, kuna mtu anathibitisha umetoka. Nani amethibitisha?

— Mama mtu alikuwepo, alisema Baba Mkwe. Muulizeni.

Wote watatu wakanigeukia. Kahawa ikamwagikia kwenye sahani.

— Ilitoka, nikasema.

— Mmesikia? Imetoka! alisema Baba Mkwe, utadhani kamera aliishona yeye.

— Sawa, alisema Pindo. Sasa kama kamera ilishaona, choo cha nini? Mtu ameingia kwa mlango wa mbele, ameona kila kitu. Huko uani anatafuta nini tena?

— Kamera iliona waliokuwemo, alijibu Baba Mkwe. Choo kinaonyesha waliobaki.

— Basi wapime damu, yaishe! Pale duka la dawa wanakuchoma kidole, na kahawa yako haijapoa umeshapewa majibu. Mimi nasema kesho mtoto apelekwe pale.

Baba Mkwe akaacha kugonga. Nikaona wazo linamwingia. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na akishasema jambo limesemwa.

— Damu... nikaanza.

Wakanigeukia tena wote.

— Damu inabaki na alama za bakteria hata wakishaondoka. Daktari amesema kwa mtoto kipimo hicho hakiaminiki. Nilimuuliza mara mbili.

— Kumbe mkwe wetu ana gia ya tano! alisema Breki. Miaka yote hii anatuendesha na ya kwanza!

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, lakini sikuingia ndani.

— Hapo kwenye damu nimeelewa, alisema Pindo. Kinachonisumbua ni hiki cha kumnyima mtoto dawa. Mgonjwa ananyimwaje dawa?

— Hilo nalijua mimi, alisema Breki. Bakteria ni kama trafiki wa kona mbaya. Ukija na kelele anaingia kichakani. Ukija kimya anajitokeza barabarani na kofia yake. Dawa ni kelele.

— Wapi! alisema Pindo. Ni njaa hiyo. Bakteria wale wamezoea vidonge, wanavitafuna kama biskuti. Daktari anawafungia biskuti ili watoke nje kudai. Wakitoka tu, wanadakwa kwenye choo.

— Nyote hamjui, alisema Baba Mkwe. Hiyo ni sensa. Siku ya kuhesabiwa, kila mmoja anatakiwa awe nyumbani kwake. Ukiwapa dawa wanatawanyika, huyu anahesabiwa mara mbili, yule hahesabiwi kabisa.

— Na mkuu wa kaya je? aliuliza Pindo.

— Anaandikwa wa kwanza.

— Utamjuaje?

— Yeye ndiye anayekaa penye kidonda, alidakia Breki. Mahali pazuri, chakula kinapita hapo hapo. Kama Pindo anavyokaa karibu na birika.

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mteja ambaye hakuwa mwenzao. Alikuwa akisubiri kiatu chake, mguu mmoja peku ameukanyagisha juu ya kipande cha boksi. Muda wote alikuwa akicheka chini chini. Akakohoa.

— Samahani, wazee wangu. Mimi mpita njia tu. Hizo wiki mbili, mtoto hajapewa kidonge chochote?

Pindo alishika utepe wake wa kupimia shingoni, akaanza kuusoma kana kwamba ni gazeti. Breki alitazama magoti yake.

— Kidonge cha namna gani? aliuliza Breki.

— Chochote.

— Hata kapsuli ya asidi? Moja?

— Breki! alifoka Baba Mkwe.

— Sasa mlitaka nifanyeje? Juzi nilimkuta hapa ameshika tumbo. Mtoto mwenye adabu vile, nimwangalie tu? Nikampa moja, ya kwangu mwenyewe, ninayomeza mimi.

— Mimi nilimpa ile ya rangi mbili, alisema Pindo polepole. Ilibaki nilipoumwa jino. Lakini nilimwambia anywe na maji mengi.

— Mmeua kipimo! Mmemuulia mjukuu wangu kipimo! Watu wazima, ndevu nyeupe, mnashindwa...

Akaishia hapo. Akainua nyundo, akaiweka tena chini.

— Baba? nikamuuliza.

— Nusu, mwanangu. Nilimpa nusu tu ya kidonge changu cha asidi.

— Mara moja?

Akaanza kuokota misumari, mmoja mmoja.

Niliona kazi yote imemwagika: usingizi wa hospitali, mpira kooni, vile vidonge vikubwa alivyovimeza machozi yakimlenga. Tungeanza kusubiri upya, naye akisubiri pamoja na maumivu yake. Baya zaidi, nisingejua kitu kama yule mteja asingeuliza. Ningekipeleka kipimo cha uongo kwa mikono yangu mwenyewe, nikaamini majibu. Kumgombeza baba mkwe siwezi, sikulelewa hivyo. Nikamwita binti yangu.

— Abee, Mama.

Alitoka na penseli sikioni. Akawaamkia wazee, wakamwitikia kwa unyonge.

— Babu zako wanasema walikupa vidonge.

Aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna pa kuwafichia.

— Ndiyo, Mama.

— Ulivimeza?

Akageuka, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi na soksi moja ya shule iliyofungwa fundo. Akalifungua kwa meno, akamimina juu ya benchi. Kapsuli ya Breki ilikuwemo. Ile ya rangi mbili ilikuwemo. Na nusu za Baba Mkwe, zaidi ya moja, zimekatwa kwa kisu cha kukatia ngozi, kila mtu akakijua kisu.

— Lakini mimi nilikuona ukimeza! alisema Breki.

— Nilimeza mate, babu. Chenyewe nilikibana kwenye vidole, hivi.

— Lo! Na asante uliniambia!

— Mliponipa nilipokea kwa mikono miwili, ndiyo adabu. Lakini daktari aliniambia na mimi, si Mama peke yake. Alisema tumbo ni langu na mlinzi wake ni mimi.

Kisha akamgeukia Pindo, uso umemshuka.

— Peremende yako niliila, babu. Ile sikuweza.

— Peremende si dawa! alipiga kelele Pindo, akatutazama wote. Au siyo? Jamani, peremende si dawa!

Kicheko kilitoka mpaka kwa wifi yangu dirishani, chanuo mkononi. Mimi sikucheka bado.

— Na tumbo likikuuma, ulikuwa unafanyaje?

— Si sana, Mama. Nilikuwa nakaa chini mpaka lipite.

— Mbona hukuniambia kuhusu vidonge?

— Wewe huwezi kuwagombeza. Ungekaa nayo moyoni.

Nililitua birika. Nilimvuta mwanangu, nikakiegemeza kichwa chake tumboni pangu.

Baba Mkwe alikuwa amekipakata kiatu cha yule mteja.

— Kumeza kamera si kitu, alisema. Pale unalazwa usingizi. Lakini kukataa kumeza ukiwa macho, mbele ya wazee wanaokupenda... Huyu si wa mtaa huu tu. Huyu ni wa mahali popote.

Akaanza kupigilia msumari.

— Mzee, alisema mteja, hicho kiatu kilikuwa kimeshakwisha.

— Nyamaza, nakiongezea.

Niliketi kwenye benchi, kati ya Pindo na Breki, wakasogea kunipa nafasi.

— Baba, nikasema, na nyinyi baba zangu. Nashukuru mnampenda. Lakini kuanzia leo, mtu akitaka kumpa mwanangu kitu cha kumeza, aniulize mimi kwanza.

— Imepita, alisema Baba Mkwe. Na peremende?

— Na peremende.

Breki aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Ilitoka tone moja. Hakuna aliyelalamika.

Kesho yake asubuhi nilipeleka kikopo maabara. Foleni ilikuwa ndefu, na mhudumu aliuliza kwa sauti kubwa kutoka ndani ya kioo ni choo cha nani, na kama mgonjwa ametumia dawa zozote. Nikainama kwenye kile kitundu cha dirisha nimnong'oneze. Kisha nikasimama wima.

— Ni cha binti yangu, nikasema, hata walioko nyuma kabisa wakasikia. Walimpa. Hakumeza.