Kiti cha Shangazi

LESIELI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

LUPE: Mimi, Baba. Lupe. Shikamoo.

LESIELI: Marahaba, bibi harusi! Ngoja nipunguze redio… Haya. Huko Tonga hamjambo?

LUPE: Hatujambo. Jana uliangalia?

LESIELI: Tamthilia yetu? Niikose mimi! Yule Noreen kanimaliza. Mtu unakaa nje ya nyumba ya mwanao mwenyewe, kwenye gari, keki ya bethidei mapajani—

LUPE: Halafu akaiacha getini.

LESIELI: Mbwa akaila!

LUPE: (anacheka) Mbwa mshenzi yule.

LESIELI: Alipokuwa baba wa ndevu na suruali walimrukia shingoni. Siku aliyovaa gauni, wanawe wakamwona mzimu.

LUPE: Angeingia tu, Baba.

LESIELI: Angeingia kama nani?

(Simu inakwaruza.)

LUPE: Baba…

LESIELI: Nakusikia, ni huu mtandao. Sanduku nimeshafunga. Lile gauni langu la kijani, na mkeka wa bibi yako, nimeukunja kwa mikono yangu—

LUPE: Mama mkwe, mama yake Tomasi, aliona picha yako kwenye simu yangu.

LESIELI: Enhe?

LUPE: Akasema, "Dada wa baba yako huyu! Mmefanana kama mapacha."

LESIELI: Ukamjibuje?

LUPE: Nilikuwa nakuna nazi, Baba, jikoni wamejaa kina mama wa kanisani—

LESIELI: Ukamjibuje, Lupe?

LUPE: Sikumjibu kitu.

(Lesieli anazima redio.)

LUPE: Sasa wameshapanga. Kiti cha shangazi, mbele kabisa. Mikeka mizuri yote yako, na ile keki ya juu kabisa ni yako. Unajua kwetu shangazi alivyo, hata mchungaji atakuinamia. Hakuna wa kukutazama vibaya.

LESIELI: Najua alivyo. Marehemu dada yangu ndiye angekaa pale.

LUPE: Ndiyo maana nikaona—

LESIELI: Na baba wa bibi harusi? Yeye yuko wapi?

LUPE: Na gauni lako la kijani litapendeza—

LESIELI: Lupe.

LUPE: Waliuliza. Semisi akawaambia alikufa. Mimi sikuwepo, naapa.

LESIELI: Kaka yako huyo.

LUPE: Eti ndiyo rahisi.

LESIELI: Nilikufa na nini?

LUPE: Baba, usi—

LESIELI: Nauliza tu. Watu wakinipa pole ya kaka yangu, nijue ninalia ugonjwa gani.

LUPE: Moyo.

LESIELI: Aa. Hapo hajakosea sana.

LUPE: Nisamehe. Nikisema ukweli leo, Jumamosi hakuna harusi. Ngoja wanizoee, nitawaambia mwenyewe, kweli tena. Lakini kama hutaki kuja, nita—

LESIELI: Nani kasema siji? Mama yako alipotutoka nani alikusuka, zile nywele za upande upande mpaka walimu wakacheka? Leo nishindwe kukaa kwenye kiti?

LUPE: (analia)

LESIELI: Wee, macho yatavimba, utatuharibia picha! Haya, tufanye mazoezi. Sema, "Shangazi."

LUPE: Siwezi.

LESIELI: Mbele za watu utaniitaje sasa? Sema.

LUPE: Sha… Ulimi unakataa, Baba.

(Sauti ya mwanamke, kwa mbali: "Lupe! Unaongea na nani huko?")

LUPE: Na shangazi, Mama! Anakusalimia!

(Simu inakwaruza.)

LESIELI: Umeona? Limetoka lenyewe.

LUPE: Baba, sikuku— Baba, salio linaisha, linalia hapa, nita—

LESIELI: Nenda, mkweo anakuita. Mwambie shangazi anakuja na mkeka. Na upake mafuta mikono, nazi zinakausha— Lupe? Na Jumapili tutaangalia tamthilia pamoja, eh, niko hapo hapo, tutakaa— Haloo?

(Simu imekatika.)

LESIELI: Haloo? Lupe? Ni baba yako hapa.