Bi. Hester Ludlam na Tope la Slawterham

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi. Hester Ludlam anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya majina ya mahali ya kaunti yetu. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wanakijiji maana ya majina ya vijiji vyao. Kazi yao ilikuwa kukasirika.

Tunawaelewa. Mtu anatarajia jina la mfalme, analetewa la nguruwe. Kuna kijiji kilichojidai kuwa cha mtakatifu, kikaambiwa maana ya jina lake ni shamba la maharagwe. Bi. Hester alisoma hati za kale, akamaliza chai yake, akasema.

Slawterham ndiko walikomchukia kwa bidii. Huko waliamini jina, linalosikika kama neno la Kiingereza la kuchinja, linatokana na mauaji ya vita vya zamani. Kila Agosti muuza nyama, kasisi na wastaafu huvaa kofia za bati kuigiza vita hivyo, wakauana kwa adabu katika malisho ya bondeni, kisha wakauza keki. Bi. Hester akawaandikia kwamba jina ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni mahali pa tope. Vita havikuwepo.

Mwenyekiti wa kijiji, Bw. Alban Tresk, alimjia juu hapa ofisini. "Bibi, babu zangu walianguka pale!"

"Sibishi," alijibu Bi. Hester. "Panateleza."

Kwenye keki hakualikwa tena.

Ndipo mjenzi mmoja akataka kujaza nyumba katika malisho yaleyale. Watu wa Slawterham wakaiambia kamati ya mipango ya ujenzi kwamba mashujaa wao wamelala pale. Kamati ikaomba japo mfupa mmoja. Haukupatikana.

Kesho yake Bw. Tresk alirudi, kofia mkononi. "Bi. Hester, lile tope lako… lingalipo?"

"Haliendi popote, Bw. Tresk. Lilikuwapo kabla ya babu zako."

Bi. Hester akaiambia kamati kwamba waliopaita mahali pa tope walikuwa wakiwaonya wajukuu wasijenge pale. Kamati ikaenda kujionea. Gari la mjenzi likazama hadi milangoni, likavutwa na trekta la Bw. Tresk, ambaye hakuwa na haraka. Malisho yakabaki malisho.

Vita vya Agosti vinaendelea. Ukweli haujawahi kuvunja sherehe ya watu. Ila kibao cha kijiji, chenye sanamu ya askari wa vita hivyo, kimechongwa upya: askari yuleyule, upanga uleule, tope magotini. Na keki ya kwanza hukatiwa Bi. Hester.

Ahsante, Bi. Hester, kwa kutuambia tulipo. Tunakuombea siku ndefu na viatu vikavu katika nyumba uliyonunua Slawterham. Tumeulizia: iko kilimani.