Nyimbo Elfu Kumi na Moja na Swali Moja la Umutoni

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na sita Agosti, mwaka elfu mbili ishirini na nne, siku moja baada ya Asomusiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, saa tisa na dakika kumi na mbili za alasiri. Saa ya ukutani ya Shafiq, fundi cherehani, ilionyesha saa tisa na dakika kumi na tisa. Lakini saa ile hutangulia kwa dakika saba, na kila mtu wa Biryogo, mtaa wa Kigali, aliyewahi kuahidiwa suruali analijua hilo. Tena kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa bado hakijaugusa mguu wa benchi, na katika mwezi wa Agosti hakiugusi kabla ya adhana ya alasiri. Benchi hilo liko katika barabara iliyofungiwa magari, ile iliyopakwa rangi sakafuni kama mkeka, mbele ya meza ya Raihana muuza kahawa. Kiangazi kilikuwa kimekomaa. Vumbi jepesi la rangi ya tangawizi lilielea hewani lisitake kushuka. Sheria ya kijiwe ilikuwa moja: kila baada ya sala ya Ijumaa Raihana huleta birika moja kubwa la kahawa, na birika likiisha, kikao kimekwisha, hata kama mtu yumo katikati ya neno.

Siku hiyo kwenye benchi alikaa Cyusa, DJ wa kuhamahama, apelekaye spika zake kutoka harusi moja hadi nyingine. Magotini aliweka kompyuta, na ubavuni mwa kompyuta ilining'inia diski yenye nyimbo elfu kumi na moja na mia nane. Jina lake la kijiweni lilikuwa limebadilika tangu Jumamosi iliyopita.

— Kimya, sogea kidogo, alisema Bayingana akiketi. Au nako kusogea kunachukua sekunde arobaini?

Huyu Bayingana alikulia Tanzania, akafanya kazi ya kupitisha mizigo mipakani mpaka akastaafu, na kijiwe kilimwita Forodha.

— Muache kijana, Forodha, alisema Raihana. Kidonda hakijakauka.

— Namuacha. Lakini wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo. Mshindo wake tuliusikia mpaka huku.

Mbele ya macho ya Cyusa ukumbi wa Kinyinya ulikuwa umefunguka tena, kama ulivyofunguka kila alipofumba macho juma zima. Mama Gaudiose, mzazi wa bwana harusi, alikuja kwenye meza ya muziki amevaa vazi la sherehe la mushanana, la rangi ya asali, akaegemea, akaanza kuomba wimbo. Wajomba walikuwa wanahimiza, mpiga picha alikuwa anapunga mkono. Cyusa alisema, «Usijali mama, ninao huo,» akageukia kompyuta. Yeye hupanga nyimbo kwa jambo linaloimbwa: Mvua, Safari, Mungu, Ng'ombe, Mama. Alifungua folda ya Mama. Mlikuwa na nyimbo arobaini na moja. Gaudiose alikwenda katikati ya ukumbi, akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, tayari kucheza. Sekunde arobaini zilipita, ukumbi mzima ukisikiliza feni. Kisha wimbo ukatoka, nao ulikuwa wa kumzika mama. Mikono ya Gaudiose ilishuka polepole sana, kama jani linaloshuka mahali pasipo upepo.

— Na huyo dada anakuja saa ngapi? aliuliza Shafiq, uzi ukiwa kinywani.

— Saa kumi na nusu, alisema Cyusa. Umutoni. Kesho mdogo wake anaolewa pale Rebero, na mimi nilikuwa nimeshakubaliwa. Lakini Jumamosi alikuwa mgeni Kinyinya, aliona yote. Amenipigia simu: «Nitapita kwa Raihana, nitakuuliza jambo moja tu. Ukijibu, kesho uko nasi. Usipojibu, namchukua mwingine.»

— Atakutajia wimbo, alisema Forodha. Atahesabu sekunde.

— Ndivyo ninavyofikiri. Nikimkosa huyu, muzehe, hakuna tena atakayeniita. Harusi za mji huu ni ukoo mmoja.

— Basi tuna saa nzima na dakika kumi na nane, alisema Raihana, akimimina. Tupange nyimbo.

Wa kwanza kuvamia kazi alikuwa Kenny. Yeye alikulia Kampala na hufanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Kicukiro. Ijumaa alasiri wafanyakazi wenzake huenda kwenye michezo. Yeye huvaa viatu vya mbio, akaja navyo benchi.

— Ssebo, hii kitu ni rahisi, alisema. Unapanga kwa kasi. Kila wimbo iko na mapigo yake kwa dakika. Sitini, tisini, mia na ishirini. Nina programu, inahesabu yenyewe. Mama akija anataka kucheza, unaangalia miguu yake, unajua ni tisini. Finish.

— Na kama ana goti bovu? aliuliza Raihana.

— Unatoa kumi.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Forodha. Ndiyo maana nyimbo za haraka zisiwekwe karibu na ngazi.

— Muzehe, kwenye kompyuta hakuna ngazi!

— Wewe umesoma Kampala, huwezi kuziona. Sikilizeni. Mimi miaka ishirini na sita nimepanga vitu vya watu, na sikupoteza hata gunia. Siri ni mpaka. Kila wimbo umeingilia mahali. Rumba imeingilia Rusizi, toka Kongo. Taarabu imeingilia Rusumo, toka Tanzania, na mizigo yake mingi. Hizo kelele za Kenny zimeingilia Gatuna, toka Uganda. Karahanyuze zetu za zamani hazikuingia, zilizaliwa humu. Mtu akitaka wimbo, humuulizi jina, unamuuliza, «Uliingilia wapi?»

— Na wimbo wa Mnyarwanda aliyerekodi Nairobi na mpiga gitaa wa Goma? aliuliza Kenny.

Forodha alikunywa funda moja, macho ameyafumba.

— Huo ni mzigo wa kupita. Unakaa uani mpaka karatasi zikamilike.

Walicheka, na Cyusa naye akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini alipofumba macho aliziona nyimbo zake zimesimama foleni mpakani usiku wa ukungu, kila moja na kifurushi kichwani, zikingoja jina lao liitwe, na yeye ndiye aliyekuwa na muhuri, na hakulijua jina hata moja.

Shafiq alitoa uzi kinywani, ishara kwamba atasema.

— Wallahi nyinyi mnawaza kama watu wenye macho ya karatasi tu. Mimi vipande vyangu vya vitambaa navipanga kwa rangi. Mteja hasemi «nataka kipande cha mita ngapi», anasema «kile cha kijani kama majani ya chai asubuhi.» Wimbo nao una rangi. Cyusa, ule wa rumba uliopiga mwezi uliopita, wenye gitaa lile linalorudi-rudi, si ni wa buluu?

— Ni wa buluu, alisema Cyusa, na alishangaa kwamba ni kweli.

— Basi! Weka buluu na buluu. Ya kuingiza bibi harusi, nyeupe. Ya wajomba, kahawia.

— Kwa nini wajomba kahawia? aliuliza Kenny.

— Umewahi kumuona mjomba wa rangi nyingine?

Adhana ya alasiri ilitoka, na benchi likanyamaza mpaka ikaisha. Shafiq alikwenda kusali, akarudi, akaikuta hoja imeshapanda juu zaidi. Sasa Raihana ndiye aliyekuwa ameishika, na birika mkononi.

— Harusi ni tumbo, alisema. Kabla ya chakula watu wana hasira, hawataki nyimbo za mapenzi. Baada ya chakula wanapenda mpaka majirani. Kwa hiyo mafungu ni mawili tu: njaa na shibe. Sijawahi kumuona mtu aliyeshiba akigombana na muziki.

— Mimi nimemuona, alisema Forodha.

— Nani?

— Mimi.

— Wewe hujawahi kushiba.

Kenny hakutaka kushindwa. Alisema kuna siku zinakuja ambapo kamera ndogo itawekwa juu ya spika, itazame nyuso za wageni, ijue kila mtu anatamani nini kabla yeye mwenyewe hajajua. Forodha alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu mpaka kumi, kisha akaweka kikombe chini.

— Nyote mmekosea pale pale. Kwa nini tupange nyimbo? Nyimbo ni elfu kumi na moja na mia nane. Wageni ni mia tatu. Tupange wageni! Mlangoni anasimama mtu na orodha. Wapenda rumba wanakaa kushoto. Wapenda karahanyuze karibu na hema la vinywaji. Wasiopenda chochote, nje, kwenye maegesho. Halafu Kimya anapiga wimbo wowote ule, na anayehusika anasimama. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake ni hiyo.

Nuru ilikuwa imelainika. Vumbi lilikuwa limegeuka dhahabu, na rangi za barabara zilionekana kama zinaelea kidole kimoja juu ya ardhi. Mbali, upande wa Nyamirambo, mtu alikuwa anajaribu spika: moja, mbili, moja, mbili. Cyusa alitazama saa ya kompyuta. Saa kumi na dakika ishirini na sita.

— Sikia, alisema Kenny, akivuta kompyuta kwake. Nimeshaweka programu. Ukibonyeza hapa, folda zote za zamani zinafutika na nyimbo zinajipanga kwa kasi. Dakika mbili. Dada akifika, anakukuta uko tayari.

— Zinafutika kabisa?

— Hutakuwa tena na mambo ya Mama na Mvua. Bonyeza, ssebo.

— Bonyeza, alisema Forodha. Haraka haraka haina baraka. Fanya upesi tusiifikie.

Cyusa aliweka kidole juu ya kitufe. Chini ya kidole kile aliyasikia mafungu yake yote yakipumua: Mvua, Safari, Mungu, Ng'ombe, Mama. Aliyaanzisha akiwa na miaka kumi na minane, akiwa na nyimbo tisini tu, kwa sababu ndivyo alivyosikiliza tangu utotoni: wimbo ulikuwa kitu kinachosemwa na mtu. Alitaka kubonyeza. Kidole hakikushuka.

— Salama? ilisema sauti.

Umutoni alikuwa amesimama mbele yao, mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, na mkoba wa riboni za harusi begani. Walimpisha kwenye benchi. Raihana aliinamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja, na matone mawili, kisha hewa.

— Ndiyo ya mwisho, alisema.

Cyusa alinyoosha mgongo. Mikono aliiweka tayari.

— Taja, dada. Wimbo wowote.

— Sina wimbo, alisema Umutoni. Nina swali. Yule mama wa Kinyinya, Jumamosi. Alikuwa anataka wimbo gani?

Kenny alitazama viatu vyake vya mbio. Forodha alitafuta methali kikombeni mwake. Shafiq aliurudisha uzi kinywani. Kwa saa nzima walikuwa wamezipanga nyimbo za dunia kwa kasi, kwa mpaka, kwa rangi na kwa njaa, na juma zima Cyusa hakuwa amelala; na swali hilo halikuwa limepita katika kichwa cha mtu yeyote.

— Sijui, alisema Cyusa. Hakumaliza kusema. Nilimwambia ninao.

— Nilikuona, alisema Umutoni. Wala hakuwa na hasira. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka mbali. — Jibu la swali langu bado nalitaka. Nakunywa polepole.

Cyusa alifunga kompyuta bila kubonyeza kitu, akaitia kwenye mkoba wake wa mgongoni. Moto, pikipiki ya abiria, ilikuwa kwenye kona. Alivaa kofia ya abiria, na wakaiona ikiteremka, ikipotea katika vumbi lile la dhahabu, kuelekea Kinyinya.

Kwa sheria ya kijiwe kikao kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyeondoka.

Aliporudi alikuwa na udongo mwekundu kwenye magoti ya suruali. Alimkuta Gaudiose uani, alisema, anapepeta maharage, na alipiga magoti pale pale. Mama hakujua jina la wimbo wala mwimbaji. Aliimba mistari miwili. Ulikuwa wimbo wa redio wa mwaka alioolewa. Hema lao lilivuja siku ile, na wageni wote wakacheza matopeni. Cyusa aliutambua kabla ya mstari wa pili kuisha. Ulikuwa kwenye diski miaka yote, katika folda ya Mvua, umeandikwa tu «Wimbo 07».

— Niliupiga pale uani, kwa kispika cha kompyuta, alisema. Mama akaweka ungo chini.

— Halafu? aliuliza Raihana.

Cyusa aliinua mikono yake miwili juu, polepole, kama pembe za ng'ombe, akaiacha huko.

Umutoni alimaliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imepoa zamani.

— Kesho saa tatu asubuhi, Rebero, alisema. Mama yangu naye ana wimbo. Muulize, na umuache amalize.

Sasa watu wa Biryogo husimulia kisa hiki kila mmoja kwa saa yake. Wapo wasemao kwamba ilikuwa Jumamosi. Si kweli, Jumamosi ilikuwa harusi ya Rebero. Wapo wasemao kwamba nyimbo zilipangwa siku ile kwa ushauri wa Forodha, na Forodha mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo; hazikupangwa, zimebaki kama zilivyokuwa. Na wengi hudai kwamba Cyusa alilijibu swali la Umutoni saa kumi na nusu, papo hapo, mbele ya watu. Saa kumi na nusu hakuna aliyejibu. Jibu lilifika saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, kwa saa iliyosahihishwa ya Shafiq. Na aliyejibu hakuwa Cyusa, alikuwa Gaudiose.