Chungu cha Bibi Esakki

Kijiwe chetu ni benchi la mbao chini ya ghorofa walilotuhamishia walipobomoa vibanda vyetu hapa Dharavi, mbele ya meza ya kahawa ya Sudalai. Wengi wetu ni Watamil, ila tunaye pia Jivabhai, mfinyanzi wa Kigujarati, na kwa ubishi anatuzidi wote. Leo ilikuwa Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, tukakaa tumenuna kama waliofiwa. Bibi Esakki, anayetupikia idli, vile vimkate vya mchele vya asubuhi, tangu enzi za vibanda, alikuwa amefunga mizigo. Mwaka jana chungu chake cha wali wa maziwa hakikufurika, na kwetu chungu kisipofurika na kumwagika mbele ya jua, mwaka umeingia na mkosi. Akasema kisipofurika na leo, anapanda treni kurudi kijijini. Huko kijijini hana mtu.

Kathirvel ndiye aliyeanza. Tunamwita Injinia kwa sababu siku moja alipiga lifti teke ikaenda.

— Tatizo ni kule kwa Bibi, ghorofa ya saba, akasema. Moto wa kule juu ni mwepesi. Hauna nguvu ya kusukuma maziwa.

— Tatizo ni lifti yako, Jivabhai akamjibu. Chungu nimekifinyanga mimi, hakina kosa. Kilipandishwa na lifti, kikapata kizunguzungu.

Mimi nikatia langu la upepo wa baharini. Sudalai akasema sote hatujui kitu: maziwa ya mjini yanatoka kwa nyati wa Kigujarati, nao Pongal hawaijui. Jivabhai akainuka kutetea nyati wa kwao, ikabidi tumvute shati akae.

Hapo Bibi mwenyewe akatoka na chungu chake. Mwaka huu hataki jiko la gesi; akapanga matofali matatu uani. Nyuma yake alikuwa Phulmati, jirani yake mpya kutoka Bihar, amebeba kuni. Phulmati alikuwa amesikia ubishi wetu wote.

— Samahanini, kaka zangu. Mwaka jana wali huo mlikula wangapi?

Injinia akaanza kukagua viatu vyake. Enzi za vibanda chungu kilichemka njiani, na kila aliyepita alikula. Tulipopewa milango, tukaifunga. Mwaka jana hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kwa Bibi, na tulikuwa tunajua yuko peke yake. Niliona aibu, sifichi.

— Nilitia maziwa kikombe kimoja, Bibi akasema, akipuliza moto. Chungu kikubwa hivi, kingefurika na nini?

— Sasa kwa nini hukujaza, Bibi? nikamuuliza.

— Nijaze ale nani?

Sudalai akanyanyua ndoo yake ya maziwa, yale ya kahawa ya siku nzima, akamimina mpaka shingoni mwa chungu. Jivabhai akapiga magoti kupepea moto kwa gazeti, moshi wote ukimwingia machoni, naye akiapa kwamba leo dunia itaona kazi ya mikono yake. Tukakizunguka chungu hata kupumua tukasahau.

Maziwa yakaanza kupanda. Phulmati, mama wa watu, hajawahi kuacha maziwa yamwagike maishani mwake. Akaruka na upawa kuyaokoa. Injinia akamdaka mkono.

— Acha, dada. Acha yamwagike.

Yakamwagika. Povu lilishuka pande zote, likazima kuni mbili, likatiririka mpaka kwenye miguu ya benchi. Tukapiga kelele, "Pongalo Pongal!", Jivabhai akitushinda sote kwa sauti ingawa sikukuu si yake. Madirisha yakafunguka mpaka juu kabisa, watu wakaanza kushuka na watoto wao. Bibi Esakki alikuwa analia na kutugombeza papo hapo, kwamba tumemharibia ua na mchele haujatiwa bado.

Akaja mteja kuulizia kahawa. Sudalai akamwonyesha maziwa yake pale chini, akamwambia leo kahawa hakuna, asogee benchi akae.

Wali ulipoiva Bibi akaniita, akanipa ufunguo wake.

— Panda juu ukafungue ile mizigo, mwanangu. Sahani zote nilizifunga humo.