Kundi la Waliofiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Craigdour, Mchungaji Lindores, Daktari Menteith, unayetuaga leo, pamoja na Mama Menteith, Daktari Wemyss, unayechukua nafasi yake, wauguzi, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa wodini mliovaa makoti ya kanisani kwa ajili ya siku hii: habari za mchana.

Naitwa Grizel Auchmuty. Nimeombwa niseme kwa niaba ya waliowahi kulazwa hapa, na tangu asubuhi hata uji umenishinda kwa furaha. Rab Tosh ameshaninong'oneza kutoka benchi la mbele, "Grizel, usituchoshe, chai inapoa." Nimekusikia, Rab. Vumilia.

Nililetwa hapa kwa gari la farasi kutoka mji wa Dundee, nilikokuwa nikifuma magunia kiwandani. Nilikuwa sisemi neno. Daktari mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa msomi na wala hakuwa katili. Alinitazama macho, akanipima kichwa kwa utepe, akaamua kwamba nina wazimu wa huzuni. Nikapelekwa wodi ya wenye huzuni. Baridi ilipoanza, nikawa naimba zaburi bila kukoma; nikahamishiwa kwa wenye wazimu wa ghasia, nikamwagiwa maji baridi kichwani. Baadaye nikakataa katakata kukaribia kitu chochote kinachozunguka, hata gurudumu la kusokotea sufu; nikaambiwa sasa ni wazimu wa wazo moja. Mabibi na mabwana, ni mwanamke gani mwingine wa wilaya hii aliyewahi kupanda vyeo haraka namna hiyo?

Na sababu je? Mjomba wangu alisema nimesoma Biblia kupita kiasi. Mchungaji wa kwetu, siyo huyu, alisema sikuisoma vya kutosha. Daktari mkuu alisema damu imepanda kichwani kutoka kwenye tumbo la uzazi. Tena, kwa kuwa shangazi yake mama alikuwa na tabia ya kuzungumza na kuku, basi ni ugonjwa wa ukoo. Kati yao wote, ni nani aliyeniuliza mimi?

Ndipo akaja Daktari Menteith, kijana mwembamba, buti zimejaa tope. Alinikuta dirishani akaniuliza, "Bi Grizel, siku ya mwisho uliyozungumza na watu, kulitokea nini?" Nikageukia ukuta. Akarudi kesho yake na swali lile lile. Akaendelea kurudi mpaka theluji ikayeyuka, na siku moja nikamjibu.

Nilimweleza habari za Elspet, mdogo wangu. Mashine zetu zilikuwa zimepakana. Mkanda wa mashine ulimnasa nywele. Walipomtoa alikuwa ameshakufa, na msimamizi akawasha mashine tena, akatuamuru turudi kazini. Nami nikarudi. Nilifuma mpaka kengele ya jioni, damu yake ikiwa kwenye aproni yangu. Nilipofika nyumbani, mama akaniuliza Elspet yuko wapi, na mdomo wangu ukakataa kufunguka.

Mwaka huo huo wakaja wakaguzi wa serikali. Daktari mkuu alikwisha kuamua kwamba nihamishiwe wodi ya wasiopona, ile ya nyuma, ambamo mtu alitoka kwa kubebwa tu. Daktari Menteith alikuwa mgeni kazini. Kumpinga mkubwa wake kungeweza kumfanya afukuzwe. Akampinga. Mkaguzi mmoja akamwuliza kwa kejeli, "Basi, bwana mdogo, kama hayumo katika huzuni, wala ghasia, wala wazo moja, yumo kundi gani?"

Akajibu, "Kundi la waliofiwa, bwana. Mwulizeni mwenyewe."

Nikaulizwa. Nilisema yote, na mkaguzi yule akavua miwani akawa anaifuta, anaifuta. Wodi ya nyuma ikafutwa. Wakati wa mavuno nilitoka kwa lango la mbele, nikamkuta mama amesimama ananingoja.

Sitaki kumpamba Daktari kwa uongo. Wapo ambao hakuwaponya. Rafiki yangu Jonet alisikia sauti mpaka alipofariki, na hakuna swali lililozinyamazisha. Daktari alipekua vitabu vyake vyote, vya Edinburgh na vya Paris, kisha akamwambia wazi, "Jonet, ugonjwa wako siujui jina." Jonet akamjibu, "Afadhali. Yote waliyonipa yalikuwa mabaya." Daktari hakuacha kumtembelea, na siku ya mazishi yake alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Daktari Wemyss, najua umekuja na makundi mapya, na huenda ni bora kuliko ya zamani. Yatumie. Lakini je, utatuuliza?

Sasa niwaambie kilichonizuia kula. Bodi imeniajiri! Kuanzia Jumatatu, muuguzi wa mapokezi wa hospitali hii ni mimi. Nilipomwambia mama, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Kwani wamekosa mtu?" Nikamwambia, "Hapana, Mama. Wamenichagua."

Daktari Menteith, nenda kapumzike, nenda kavue samaki wako mtoni bila mtu kukuita. Bodi, ninawashukuru kwa kuniamini. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu mchana huu, asanteni sana.