Saa za Kwenda, Saa za Kurudi: Kumuaga Si Miloud wa Dawati la Maulizo

Naomba radhi kwanza. Maneno haya yalitakiwa kwenye jarida la mwezi uliopita, lakini mwanangu Wissal anaota magego, na kila nilipokaa kuandika nilisinzia. Sasa Si Miloud Ouchrif, Bwana Miloud wetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Casablanca, na bado sijui nimwelezeje.

Alianza kwa kupeleka barua. Siku moja mpokea simu wa maulizo aliugua, Si Miloud akakalishwa pale, hakuinuka tena. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Juu ya kichwa chake kuna saa mbili za ukutani, ya Casablanca na ya Montreal. Ramadhani, saa za nchi zinaporudishwa nyuma, yeye huirudisha ya kwetu, kisha Abdelilah wa hesabu, akidhani imesahaulika, huirudisha nyuma saa nyingine. Mwaka jana tulichelewa kufungua ofisi, foleni ikiwa imefika duka la viatu.

Swali la kila siku ni moja: Montreal ni mbali kiasi gani? Kilomita elfu tano na mia sita hivi hazimwambii mtu kitu. Saa nazo zinachanganya zaidi, maana saa za Montreal ziko nyuma ya zetu: ndege inaondoka saa nane mchana na kufika huko kama saa kumi na nusu, siku ileile. Bibi mmoja wa mtaa wa Derb Sultan alitoka hapa akitangaza kwamba Montreal iko karibu kuliko Agadir ya humu humu nchini, kwa hiyo nauli ile ni wizi mtupu.

Nilipokalishwa karibu naye nijifunze kazi, mimi nilichanganyikiwa kwa jambo jingine. Vijana wanaosafiri aliwaambia karibu saa nane hewani. Mama zao wakipiga simu, aliwaambia saa sita na nusu. Nikadhani ni uzee. Nikamwambia wazi kwamba hatuwezi kuwadanganya watu.

"Simdanganyi mtu, binti yangu," akasema. "Wakati wa kurudi upepo unaisukuma ndege. Mama haulizi mtoto atafika lini. Anauliza, nikiugua, atanifikia baada ya muda gani."

Sasa binti yake Ghizlane, anayeishi huko, amemtumia tiketi ya Montreal. Tangu mama yake, Lalla Zhor, mke wa Si Miloud, atutoke, anataka baba ahamie kwake. Tukimuuliza kama atarudi, Si Miloud anasema ataona, kisha anaulizia kahawa. Wissal anamwita babu. Hatuelewi kama tunamuaga mstaafu au tunampoteza mtu wetu.

Juzi, akikusanya vitu vyake, aliniuliza taratibu, kama mteja: "Hivi, Lalla Naoual, ni mbali kiasi gani?"

"Saa sita na nusu, Si Miloud."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Asante, Si Miloud, kwa sauti yako iliyotuliza nyumba nyingi za mji huu. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokupa nafasi ya kuchoka. Usihangaike na zawadi za ofisi nzima. Ninavyohitaji unitumie ni hivi tu: soksi nene za mtoto wa miaka miwili, ufunguo wa kabati la chai, umo mfukoni mwa koti lako la kijivu, na siku na saa ya ndege yako ya kurudi, nizibandike chini ya saa ya Casablanca.