Neno Alilopanga Kulitoa Milembe Jumapili

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Josia Maige, shemeji wa marehemu. Karatasi hii tumeiandika jana mimi na kaka yangu Joakim, mume wake, na mpaka sasa hatuamini tulichokiandika.

Milembe Marcelo alizaliwa tarehe 11 Machi 1978 Mwandoya, wilayani Meatu, mtoto wa tatu wa Mzee Marcelo Luhaga na Mama Lucy. Alibatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwandoya, akamaliza darasa la saba mwaka 1993. Kuendelea hakuendelea, maana nyumbani walihitaji mikono ya kulima pamba, na hakuficha kwamba jambo hilo lilimuuma.

Tarehe 4 Julai 1998 alifunga ndoa kanisani na Joakim, akahamia hapa Lagangabilili. Walijaliwa watoto wanne. Alikuwa mkulima wa pamba na mahindi, na kuanzia mwaka 2011 ndiye aliyefua vitambaa vya altare vya kigango chetu. Maji ya kwanza ya kusuuzia hakuyamwaga mtaroni. Aliyapeleka penye maua nyuma ya kanisa, kwa heshima ya Sakramenti. Siku moja nilitoka kukamua ng'ombe, nikatumbukiza mikono kwenye beseni lake. "Shemeji, leo umenawa kuliko askofu," akasema, halafu akaanza kufua upya.

Lakini miaka yote hiyo kumi na minne alifua vitambaa vya meza ambayo mwenyewe hakuisogelea. Wenzake walipokwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi. Wengi mlidhani ndoa yake ina kasoro. Haikuwa hivyo, na ruhusa ya kusema ametuachia mwenyewe.

Mwaka 2009 mtoto wao Constantine, wa miaka minne, alifariki kwa homa ya siku tatu. Kwa uchungu ule Milembe alikwenda kwa mganga, na mganga akamwambia kwamba aliyemla mtoto anapika naye jiko moja. Aliyepika naye jiko moja ni mama yetu mzazi, Salu. Milembe akalitamka bombani, mbele ya wanawake. Wiki haikuisha, mawe yakawa yanarushwa juu ya bati la mama. Tukampeleka kwa mjomba wetu, kijijini Mwamanyili. Mizigo yake niliifunga mimi kwenye baiskeli, na nilinyamaza. Mama amekaa huko miaka kumi na sita.

Alhamisi iliyopita, tarehe 18 Septemba 2025, Milembe alipanda gari peke yake akaenda Mwamanyili. Alipiga magoti mlangoni akasema, "Mayu, mama yangu, nilikusingizia." Mama alimuuliza kwanza kama amekula. Walipokwisha kula akamwambia, "Mimi nilishakusamehe, mwanangu. Ila walioambiwa kwamba mimi ni mchawi wapo kule Lagangabilili."

Aliporudi alituita mimi na Joakim, akatueleza yote. Jumapili padri angekuja. Yeye angeungama, kisha angesimama mbele ya watu amsafishe mama jina, ndipo asogee mezani kwa Bwana. "Nikishindwa kusimama," alisema, "semeni ninyi." Tulidhani anazungumzia aibu.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa anapiga pasi vitambaa vya Jumapili. Alisema kichwa kinamuuma, akakaa chini, hakuinuka tena. Hospitali walituambia ni kiharusi. Saa nane mchana alifariki, akiwa na miaka 47, mtu ambaye hatukuwahi kumuuguza. Vitambaa viwili vilibaki na mikunjo, vikatandikwa hivyohivyo.

Tumepigwa na butwaa. Siku moja tu, jamani. Nimemuuliza katekista wetu, Anatoli, kwa nini Mungu hakungoja misa iishe. Amesema hajui, ila aliyekwisha kuianza safari ya kwenda kwa Baba, Baba humpokea njiani. Nimelishika neno hilo, ingawa hasira bado ninayo.

Jana wanawake walipokuwa wanajiandaa kumwosha marehemu, mama alifika kutoka Mwamanyili. Alivua viatu, akaomba beseni na sabuni. "Ni mwanangu, nipisheni," akasema, na akamwosha yeye.

Marehemu ameacha mume, Joakim. Watoto watatu, Sylvester, Wilhelmina na Joyness. Wazazi wake, Mzee Marcelo na Mama Lucy. Mimi shemeji yake. Na mama mkwe wake, Salu, aliyekaa hapa mbele, ambaye si mchawi, hakuwahi kuwa mchawi, na hakumuua Constantine.

Tumelisema, shemeji. Sasa sogea mezani, upumzike.